Hosteli ya wanafunzi Mombasa: ukumbi wa katikati au veranda na uwanja?

Ramani mbili zilikuwa zimetandazwa mezani kwa ami yangu, pembe zake zimebanwa kwa vikombe vya kahawa ili upepo usizichukue. Tulikuwa barazani kwake Tudor, saa kumi na moja jioni. Ami ana kiwanja cha futi 50 kwa 100, urithi wa babake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka lango la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na ameamua kujenga hosteli ya wanafunzi: chini na ghorofa tatu juu. Aliniita kwa sababu kazi yangu ni kuchora nyumba, na pia kwa sababu nimelala hosteli miaka minne.

"Hii ina vyumba arobaini na vinane," akasema, akiigonga ramani ya kwanza kwa kidole. "Hii yako ina arobaini. Haya, nieleze kwa nini nitupe vyumba vinane kwa ajili ya upepo. Upepo haulipi kodi, mwanangu."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba siku chache nikapige hesabu, na haya ndiyo niliyomrudishia, na mengine ambayo sikumwambia. Nayaweka hapa kwa kuwa kila mwenye kiwanja karibu na chuo, kuanzia Tudor hadi Kisauni, siku moja atakaa na ramani mbili kama hizi.

Ramani zenyewe

Zote mbili zina upana wa mita 12, na sehemu ya vyumba ina urefu wa mita 18. Tofauti iko ndani.

Ya kwanza ni jengo moja nene. Ukumbi wa mita moja na nusu unapita katikati, vyumba sita upande huu na sita upande ule, kila kimoja kina upana wa mita 3 na kina cha zaidi ya mita 5. Mlango unafunguka ukumbini, dirisha liko mwisho wa chumba. Ncha moja ya ukumbi imezibwa na ngazi, nyingine imezibwa na bafu na vyoo. Vyumba 12 kwa kila ghorofa, jumla 48.

Ya pili ni safu mbili nyembamba zinazotazamana. Kila safu ina vyumba vitano vya mita 3.6 kwa 3.6, mbele yake veranda ya mita 1.2, na katikati ya veranda hizo mbili kuna uwanja ulio wazi hadi mbinguni, upana wa mita 2.4. Wazee wa Lamu uwanja wa namna hii ndani ya nyumba wakiuita kiwanda, nami nilipomwandikia ami neno hilo alinipigia simu kuniuliza saruji inatoka wapi. Basi nitauita uwanja. Vyumba 10 kwa ghorofa, jumla 40. Kila chumba kina tundu pande mbili: dirisha la nje, na upande wa veranda mlango, dirisha la juu na nafasi ya hewa juu ya mlango.

Ukuta wa saa nne usiku

Hosteli niliyolala mimi, ambayo sitaitaja, ilikuwa pacha wa ramani ya kwanza. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa magharibi. Saa nne usiku, jua limezama zamani, ukiweka kiganja ukutani kando ya kitanda unakuta joto, kama ubavu wa birika lililoepuliwa kitambo. Ukuta ulikuwa wa matofali ya saruji, umepakwa rangi ya kijivu iliyokoza kwa sababu kijivu ndiyo fasheni. Kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni ulikuwa umesimama uchi mbele ya jua. Joto hilo halipiti papo hapo. Linatembea ndani ya ukuta saa kadhaa, na linafika upande wa pili wakati mwanafunzi anafungua daftari.

Mwenzangu alikuwa akimwaga maji sakafuni, anapangusa, kisha analala juu ya vigae bila godoro. Mimi nilikuwa nikiloweka kanga na kuitundika dirishani, jambo ambalo kwa Mombasa ni ujinga mtupu, maana hewa yetu imeshiba unyevu tayari na kilichobaki ni kuongeza fukuto. Mashine za kupoza kwa maji, zile zinazopuliza hewa kupitia sponji iliyolowa, zinafanya kazi kwenye nchi zenye hewa kavu, na kwa sababu hiyo hiyo zinashindwa hapa: maji yanapoza yanapokauka, na kwetu hayakauki. Ukiuziwa moja kwa ajili ya hosteli ya pwani, mwambie muuzaji akuonyeshe inavyofanya kazi mwezi wa Machi, akiwa ndani ya chumba pamoja nawe.

Wenye vyumba vya kaskazini katika jengo lile lile hawakuwa na shida hizi, au walikuwa nazo nusu. Vyumba vya magharibi vilibadilisha wapangaji kila muhula. Hilo nililikumbuka baadaye, nikiwa nimeshika penseli.

Jua na upepo vinakubaliana

Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Maana yake kwa mjenzi ni hii: saa sita mchana jua liko juu ya utosi au karibu na hapo mwaka mzima. Mwezi Juni linaegemea kaskazini kiasi, Desemba linaegemea kusini, lakini halishuki sana kwa upande wowote. Kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza kuupa kivuli kwa kibaraza kifupi tu, hata cha sentimita 60 au 80, kimetokeza juu ya dirisha. Ukuta wa mashariki au magharibi haukingiki hivyo. Jua la asubuhi na la alasiri linaingia limelala, chini ya kibaraza chochote, moja kwa moja hadi kitandani.

Upepo nao una ratiba. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba, ina nguvu zaidi na inakuja na masika. Nyumba iliyolala mashariki hadi magharibi, ubavu mmoja ukitazama kaskazini na mwingine kusini, inapata upepo wote wawili na inalikwepa jua baya. Si mara nyingi mambo mawili yanaomba kitu kimoja.

Kiwanja cha ami kinaangalia barabara upande wa mashariki, kwa hiyo mbavu ndefu zimeangukia kaskazini na kusini zenyewe. Bahati yake. Kama chako kimelala kinyume, na barabara iko kusini, basi ramani ya kwanza itakupa nusu ya vyumba vinavyokaangwa jioni, na nusu vinavyokaangwa asubuhi. Hapo usijadiliane na mtu. Geuza vyumba, au weka mbele ya ukuta wa magharibi vitu visivyolala: ngazi, stoo, matangi, bafu.

Na magharibi kuna faida nyingine. Kwa kuwa kaskazi na kusi zote zina mashariki ndani yake, upande wa magharibi huwa nyuma ya upepo karibu mwaka mzima. Jiko na vyoo vikiwa huko, moshi na harufu vinaondoka bila kupitia vyumbani. Katika ramani ya pili nimevirundika vyote huko. Katika ya kwanza vyoo vimewekwa ncha ya mashariki, upande wa barabara, nadhani kwa sababu bomba la majitaka linapita hapo. Kila kusi ikivuma, ghorofa nzima itajua nani amekula nini.

Ukumbi si mgeni kwetu

Ami aliniambia, "Lakini ukumbi wa katikati ndio nyumba yetu. Mtaa wote wa Majengo si ukumbi?"

Kweli. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ni ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Lakini tazama ncha zake. Mbele kuna mlango wa barabarani unaokaa wazi mchana kutwa, na nyuma kuna mlango wa uani. Ukumbi ule ni bomba la upepo. Nyumba ni ya chini, haina ghorofa, na uani kuna nafasi ya kupikia ili joto la jiko lisiingie ndani. Walioichukua ramani hiyo na kuipandisha ghorofa nne wamechukua ukumbi wakaziba ncha mbili kwa ngazi na vyoo. Wamechukua jina la bomba wakaacha matundu yake.

Ukumbi uliozibwa una matokeo matatu. Hauna mwanga, kwa hiyo taa zinawaka usiku na mchana. Hauna hewa, kwa hiyo mlango wa chumba ukifunguliwa haupati kitu. Na siku moto unapozuka, moshi unajaa humo humo ambamo watu wanatakiwa wakimbilie. Nchi hii imeshazika wanafunzi wengi kwa ajili ya mabweni yaliyowaka, na madirisha yenye vyuma visivyofunguka. Veranda iliyo wazi inautoa moshi juu. Kama ningekuwa na sababu moja tu ya kuchagua ramani ya pili, pengine ingekuwa hiyo, na haihusiani na stima hata kidogo.

Mji wa Kale nao una somo lake. Vichochoro vyake ni vyembamba kwa makusudi: kuta zinapeana kivuli, na roshani za mbao zinamruhusu mtu aone nje bila kuonekana. Uwanja wangu wa mita 2.4 katikati ya ghorofa nne ni kichochoro cha namna hiyo kilichosimamishwa wima. Jua halifiki chini mara nyingi. Na hii nikiri: vyumba vya chini vitakuwa na giza kidogo upande wa veranda. Nimewaambia mafundi wapake kuta za uwanja chokaa nyeupe, mwanga urukeruke hadi chini.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau. Dirisha la nje si lako peke yako. Leo jirani wa ami ana nyumba ya chini ya mabati; kesho atauza, na mnunuzi atapandisha ghorofa nne mita tatu kutoka dirisha lako. Katika ramani ya kwanza chumba kile kimekufa. Katika ya pili bado kina uwanja, na uwanja uko ndani ya hati yako.

Hesabu ya ami

Sasa fedha, maana ndipo aliponibana. Tuseme chumba cha watu wawili kinalipa shilingi 8,000 kwa mwezi. Vyumba vinane ni shilingi 64,000. Tuseme pia uniti ya stima inagharimu shilingi 30 pamoja na makato yake. Bei hupanda na kushuka, lakini 30 inarahisisha hesabu.

Taa za ukumbi kwanza. Balbu 8 za LED za wati 9 kwa kila ghorofa, ghorofa nne. Zikiwaka saa 24 zinakula uniti kama 207 kwa mwezi. Zikiwaka usiku tu kwenye veranda, kama 104. Umeokoa shilingi 3,100 hivi. Ami alicheka nilipofika hapo, na alikuwa na haki ya kucheka. Anayekuambia kwamba taa zitalipia veranda anakudanganya.

Pesa kubwa iko kwingine. Feni ya dari inakula wati 60 hivi. Kwa saa 10 usiku ni uniti 0.6, shilingi 18. Kiyoyozi kidogo cha ukutani, kile cha BTU 9,000, kinapofanya kazi kinavuta karibu wati 850, na hata kikipumzika mara kwa mara usiku mmoja unakula kama uniti 4. Shilingi 120. Zidisha kwa vyumba 48 na usiku 30: shilingi 172,800 kwa mwezi. Vyumba 40 vyenye feni: shilingi 21,600.

"Mimi sitii AC," akasema ami.

Najua hatii, kwa kodi ile. Lakini mwaka wa pili wanafunzi watalalamika joto, wa tatu hosteli mpya ya jirani itatangaza kiyoyozi, na wa nne ataanza kutoboa kuta. Au hatatoboa, na baadhi ya vyumba vitakaa vitupu Januari na Februari na Machi, wakati hasa joto linapopanda hadi nyuzi 32 na 33 na wanafunzi wanatafuta pa kuhamia. Vyumba vinane vitupu kwa miezi mitatu ni shilingi 192,000. Sikumwambia kwamba hilo litatokea kwa hakika. Nilimwambia tu kwamba nimekuwa mmoja wa waliohama.

Na upepo wenyewe una thamani mwilini. Hewa ikitembea kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, ngozi inahisi kana kwamba joto limepungua nyuzi mbili hadi tatu. Feni inafanya hivyo pia, ila katika chumba chenye tundu moja inazungusha hewa ile ile ya moto. Katika chumba chenye matundu mawili inasaidia upepo ulioko tayari. Msidhani lakini kwamba ramani ya pili inafuta feni. Kuna siku kati ya kaskazi na kusi ambapo bahari inakuwa kama kioo na hata jani la mnazi halitikisiki. Siku hizo ni feni tu, na dua.

Kiyoyozi au upepo, chagua kimoja

Hapa ndipo naona watu wakikosea zaidi, hata wachoraji wenzangu. Chumba cha kiyoyozi na chumba cha upepo ni vyumba viwili tofauti. Cha kiyoyozi kinataka dirisha dogo, lililobana, dari nzito, mlango usiopitisha hewa. Cha upepo kinataka kinyume cha yote hayo. Ukijenga katikati, yaani dirisha la luva, lile la vioo vya kuinamisha, pamoja na kiyoyozi, unapoza barabara ya Tudor kwa pesa zako. Ukijenga dirisha lililobana bila kiyoyozi, unapika watoto wa watu.

Kama soko lako ni wanafunzi wa kigeni au wazazi wanaolipa 20,000 kwa kitanda, jenga cha kiyoyozi na ujenge vizuri: ramani ya kwanza inafaa, kwa kuwa jengo nene lina kuta chache za nje za kupokea jua. Nasema hivi kwa dhati. Katika hali hiyo ningemshauri ami achukue ya kwanza.

Madirisha yenyewe: lile la aluminiamu la kusukuma kando ni zuri kwa macho na halishiki kutu, lakini linafunguka nusu tu, kila siku ya maisha yake. Luva inafunguka karibu yote, na mvua ya kusi unaizuia kwa kuinamisha vioo bila kuzima hewa. Ubaya wake: vumbi, vioo kuvunjika, na mwizi kuvichomoa kimoja kimoja. Weka vyuma ndani, vya kufunguka kwa dharura, na vipakwe rangi ya kuzuia kutu mara kwa mara, maana hewa ya chumvi hapa haina huruma na chuma. Chandarua cha dirishani kinapunguza upepo sana. Afadhali chandarua cha kitandani, ingawa najua wanafunzi hawapendi kukichomeka. Mimi ningechukua luva upande wa nje na mbao za mshazari, kama za roshani, upande wa veranda.

Paa, na mengine kwa ufupi

Ghorofa ya juu ina adui wake. Kwa kuwa jua linapita utosini, slabu ya saruji inapokea joto mchana kutwa na kulitoa usiku kucha juu ya vichwa vya watu. Lakini kila mwenye nyumba Mombasa anataka slabu: ya kuanikia nguo, ya kuweka matangi, na ya kuongeza ghorofa siku pesa zikija. Sishindani nao. Weka slabu, kisha juu yake simamisha nguzo na mabati, mita mbili na nusu hivi, pembeni wazi. Nguo zinakauka hata siku ya mvua, slabu inabaki kivulini, upepo unapita katikati. Utaona paa la namna hii juu ya nyumba nyingi Kisauni, na waliolijenga hawakusoma popote. Paneli za sola zinaweza kushika nafasi ya baadhi ya mabati hayo, ila kumbuka sola inalipa mchana na wanafunzi wanatumia usiku: itafaa pampu, friji na taa za maktaba kabla haijafaa feni, isipokuwa ununue betri. Makuti yanapendeza na yanapoza kweli, lakini kwa hosteli yenye wapishi wa umri wa miaka 19, hapana.

Kuta: mawe ya timbo, yale ya matumbawe, au matofali ya saruji? Watu hubishana sana. Fort Jesus imesimama kwa mawe ya matumbawe tangu mwisho wa karne ya 16, sawa, lakini kuta zake ni nene kuliko kitanda. Kwa ukuta wa sentimita 20 tofauti haifiki ile ya kivuli na rangi. Nunua kilicho karibu, piga plasta, paka nyeupe. Usipake kijivu.

Maji ya moto: usiweke. Shawa ya umeme ya kilowati 5 kwa dakika 7 inakula stima sawa na feni ya usiku mzima, na tangi jeusi la juu linakupa maji ya uvuguvugu bila senti. Kwa mgonjwa kuna birika.

Jiko, hapana, hilo si la ufupi. Mwanafunzi asipopewa jiko atapika chumbani, kwa koili ya umeme au kwa meko ya gesi iliyofichwa chini ya kitanda. Koili ni kilowati moja au zaidi ya joto ndani ya mita 13 za mraba, pamoja na mvuke wa sufuria. Huo mvuke ndio unaoleta weusi wa ukungu kwenye pembe za dari. Jiko la pamoja katika kila ghorofa, upande wa magharibi, lenye luva ukuta mzima, limenigharimu nafasi ambayo mchoraji wa kwanza aliitumia kwa ngazi pana ya kifahari. Hapo ndipo nilipobishana naye kwa nusu saa.

Mita: ukijumlisha stima ndani ya kodi, pasi zitawaka na milango iko wazi. Weka mita ndogo ya tokeni kila chumba. Katika ramani zote mbili, hilo peke yake litapunguza bili kuliko balbu yoyote.

Ya Nairobi yabaki Nairobi

Mchoraji wa ramani ya kwanza alituonyesha picha za hosteli za kisasa za Nairobi. Ni nzuri, na baadhi zimefanya kazi kubwa: kampuni ya Acorn, yenye hosteli za Qwetu, ndiyo iliyotoa hatifungani ya kijani ya kwanza Kenya mwaka 2019 (yaani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayotunza mazingira), na majengo yake yanapimwa kwa kigezo cha EDGE, ambacho kinadai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na kiasi kama hicho katika vifaa vya ujenzi. Programu ya EDGE ni ya bure mtandaoni. Mwenye ramani anaweza kuingiza vipimo na kuona mwenyewe. Ningemshauri kila mtu aijaribu kabla ya kumwaga msingi.

Lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Usiku wake unahitaji blanketi. Ukuta unaotunza joto hadi usiku ni rafiki kule. Huku ndiye aliyemlaza mwenzangu kwenye vigae. Chukueni kigezo, achaneni na picha.

Kasoro za ramani ya pili

Nisije nikaonekana nauza. Sauti zinapanda kwenye uwanja: simu ya mtu wa chini saa saba usiku inasikika juu kama yuko chumbani kwako. Wapitao verandani wanachungulia, na kwa hosteli ya wasichana hilo si dogo. Ndiyo maana dirisha la veranda nimeliinua hadi mita 1.5 kutoka sakafuni. Masika yakivuma kwa nguvu veranda ya juu inalowa, kwa hiyo sakafu yake iwe ya saruji iliyokwaruzwa, si vigae vya kuteleza. Ina urefu mwingi wa kuta za nje kuliko ya kwanza, na kuta ni pesa. Na ina vyumba vinane pungufu, kila mwezi, hata siku ambayo kusi inavuma na kila mtu amelala vizuri.

Jumamosi iliyopita ami alinipigia. Ameichukua ya pili, kwa masharti: ghorofa ya chini nimrudishie vyumba viwili badala ya sebule ya pamoja, na ngazi iwe nyembamba. Nimekubali kimoja, nimekataa kimoja. Paa bado hajaamua. Anasema slabu kwanza, mabati tutaona. Ameuliza bei ya luva, na kama fundi wa mbao wa Mji wa Kale anaweza kukata mbao za veranda kwa pamoja, za ghorofa zote nne, apunguziwe.